Usijumlishe siku, jumlisha kazi

Baba hupalilia shamba lake la mahindi kwa siku 6. Kijana wake akiachiwa shamba hilohilo peke yake, humaliza kwa siku 12. Wakiingia wote wawili, watamaliza kwa siku ngapi?

Wanafunzi wengi wa darasa la saba hujibu 18. Wengine hujumlisha, wakagawa kwa 2, wakapata 9. Majibu yote mawili yanasema kwamba baba akipata msaidizi anachelewa zaidi ya alipokuwa peke yake. Mtoto wa Morotonga, hapa wilayani Serengeti, hawezi kuyakubali hayo akiwa shambani. Ameona majirani wakiitana kulima kwa zamu, desturi ambayo huku Mara wengine huiita risaga, na ameona shamba la wiki nzima likiisha kabla ya jua kuwa kali. Tatizo ni neno "pamoja". Akiliona kwenye karatasi, mkono unakimbilia alama ya kujumlisha kabla hajajiuliza anajumlisha nini.

Siku hazijumlishiki hapa, kwa sababu mwenye siku nyingi ndiye mwenye kasi ndogo. Kinachojumlishika ni kazi ya siku moja. Baba kwa siku hufanya 1/6 ya shamba, kijana 1/12. Jumla ni 3/12, yaani 1/4. Robo kwa siku: siku 4.

Njia hiyo ni sahihi, lakini kwa mtoto anayeogopa sehemu mimi huanza kwingine. Tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika cha 6 na 12, ambacho ni 12, kisha sema shamba lina mistari 12 ya mahindi. Baba hupalilia mistari 2 kwa siku, kijana mstari 1. Wote kwa siku ni mistari 3, na 12 gawa kwa 3 ni 4. Idadi ya mistari tumeibuni, na jibu halitegemei idadi hiyo: ukisema ni 24 au 120, bado ni siku 4. Katika mtihani wa NECTA usioruhusu kikokotoo, namba nzima zinaokoa muda na makosa.

Faida kubwa huonekana swali linapopinda. Mama humaliza palizi kwa siku 10, baba kwa siku 15. Wamefanya pamoja siku 3, baba akaondoka. Mama atamalizia kwa siku ngapi? Mistari 30, mama 3 kwa siku, baba 2. Siku 3 za pamoja zimekula mistari 15. Iliyobaki ni 15, na mama peke yake ataimaliza kwa siku 5. Anayetumia sehemu hufika palepale, ila njiani hana kitu cha kushika.

Hesabu hizi ni za kale mno. Kitabu cha Kichina cha Sura Tisa, chenye umri wa karibu miaka 2,000, kinauliza kuhusu mifereji mitano inayojaza bwawa moja: wa kwanza kwa theluthi ya siku, wa pili siku 1, wa tatu siku 2 na nusu, wa nne siku 3, wa tano siku 5. Chukua siku 15. Katika muda huo mifereji ingejaza mabwawa 45, 15, 6, 5 na 3, jumla 74. Basi bwawa moja hujaa kwa 15/74 ya siku, karibu saa 5. Ni wazo lilelile la mistari ya mahindi.

Tangi lenye bomba la kujaza kwa saa 4 na tundu la kulimaliza kwa saa 6 lina tofauti moja tu: tundu hutolewa. Ndoo 12, zinaingia 3 kwa saa, zinatoka 2, inabaki 1. Saa 12.

Mwalimu, kabla mwanafunzi hajagusa kalamu, mwombe aseme jibu haliwezi kuzidi siku ngapi. Kwa watu wanaosaidiana, lazima liwe chini ya siku za yule mwenye kasi kuliko wote. Akishazoea kujiuliza hivyo, 18 na 9 atazifuta mwenyewe.