Mkuu wa Shule na Baraza Lake

Asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, mkuu wa shule anayeijua kazi yake humkuti ofisini. Yuko langoni. Anaitikia salamu za watoto mmoja mmoja, kwa jina anapolikumbuka, huku macho yake yakifanya kazi nyingine: huyu amekuja na kandambili tangu Jumatatu, yule leo hakufuatana na dada yake, na wale wawili ambao hawaachani wamepita kila mmoja na njia yake. Mstarini atasomewa idadi ya waliohudhuria. Yaliyo mazito zaidi ameshayaona pale langoni.

Watu husema shule fulani "ina nidhamu", kana kwamba nidhamu huota yenyewe kama nyasi baada ya mvua. Haioti. Nyuma yake yupo mtu aliyeamua watoto wazungumziweje, adhabu itolewe na nani, na mwenye kinyongo aende wapi kukisema, kisha akayashikilia maamuzi hayo hata siku ambazo amechoka. Ni ufundi hasa, ingawa kazi ya fundi huyu haiwekwi dukani ikaonekana.

Anayetaka kuuona ukifanya kazi aitazame Starehe, Nairobi. Kituo hicho kilianza Novemba 1959 kwa vibanda viwili vya bati, kikiwapokea wavulana waliokuwa wakizurura mitaani nyakati za mwisho za hali ya hatari. Walioanzisha ni watatu: Geoffrey Griffin, Mzungu mzaliwa wa Kenya aliyekuwa ofisa katika jeshi la wakoloni, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Gikubu alikuwa amewekwa kizuizini kwa sababu ya vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni. Yaani mtu wa upande wa waliofunga na mtu wa upande wa waliofungwa walikaa meza moja kulea watoto ambao vita hivyo viliwaacha bila kwao. Kwa haki, hapo ndipo sifa za Starehe zingepaswa kuanzia, kabla hata ya matokeo ya mitihani.

Griffin, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo hicho kilichokua kuwa shule, hakuwa mlegevu. Ratiba yake ilibana, sare ilikaguliwa, na viranja walikuwa na mamlaka ya kweli. Lakini kila wiki shule nzima ilikusanyika katika baraza, na hapo mwanafunzi yeyote, hata aliyeingia kidato cha kwanza juzi, aliweza kusimama na kumuuliza mkurugenzi jambo lolote: chakula, zamu za usafi, uamuzi wa kiranja, hata mwenendo wa mwalimu. Naye alijibu palepale, mbele ya wote.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa karibu, maana ni rahisi kulisifu na ni gumu kulitenda. Mvulana wa miaka kumi na minne anasimama kati ya mamia ya wenzake. Magoti yanamcheza. Anasema maharagwe yana mawe. Kiongozi aliye mbele yake ana njia tatu: kukasirika, kuahidi ovyo, au kueleza ukweli, kwamba maharagwe yalinunuliwa wapi, nani huyachagua, na kitabadilishwa nini. Akikasirika mara moja tu, wiki ijayo hakuna atakayesimama. Akiahidi asitimize, watasimama wachache, na kwa kejeli. Akijibu kweli, mamia waliokaa kimya wamejifunza kitu ambacho hakuna somo la uraia linaloweza kuwafundisha: kwamba neno la mdogo lina uzito, na mkubwa anadaiwa jibu.

Jibu lenyewe huweza kuwa "hapana". Watoto huvumilia "hapana" yenye sababu kuliko watu wazima wanavyodhani. Kisichovumilika ni kimya.

Kenya inalijua hilo kwa uchungu. Machi 2001, moto uliowashwa makusudi katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Mwaka huohuo serikali ilifuta adhabu ya viboko shuleni, na katika vyumba vya walimu likazuka swali: sasa tutatumia nini? Ni swali la haki kwa mtu mwenye darasa la watoto sitini. Lakini sehemu ya jibu ilikuwa imefanyiwa kazi Starehe kwa miaka arobaini. Sheria huondoa kiboko kwa siku moja. Kilichokuwa kikishikiliwa na kiboko hujengwa upya taratibu, mazungumzo kwa mazungumzo.

Wala ufundi huu hauhitaji cheo. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alikuwa mwalimu wa kawaida wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, huko Njoro, alipopewa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya walimu yenye thamani ya dola milioni moja. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Yeye alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi maskini, na alianzisha klabu ya amani katika eneo ambalo makabila yalikuwa yamepigana baada ya uchaguzi wa 2007. Gazeti lingependa zaidi habari ya dola. Klabu ya amani ndiyo inayostahili kutembelewa.

Griffin alifariki Juni 2005, akiwa bado mkurugenzi, baada ya miaka arobaini na mitano katika shule ileile. Uvumilivu wa namna hiyo ni adimu, na kumhamisha mkuu wa shule kila baada ya miaka miwili ni kumnyima fundi muda wa gundi kukauka.

Lakini hata mwenye miaka miwili ana mahali pa kuanzia. Anunue daftari la kurasa mia. Ijumaa aandike humo maswali ya wanafunzi kama yalivyosemwa, bila kuyapamba: bomba la choo cha wasichana halitoi maji tangu mwezi uliopita, mbona darasa la nne hawapewi mpira? Jumatatu, wimbo wa taifa ukiisha, alifungue daftari mbele ya mstari na aanze na lile la bomba, fundi akiwa tayari ameshafika na spana yake.