Mizani ya Macho na Mizani ya Masikio

Miongoni mwa kazi zinazowachosha wanafunzi wetu hapa Kigali ni kuhesabu mizani. Mwanafunzi hupewa ubeti, huyakata maneno vipande vipande kwa penseli, kisha huandika jibu: mizani 8 kwa 8, jumla 16. Akiipata jumla hiyo husifiwa, na kitabu hufungwa. Sisi twaona kwamba kazi hiyo, ikikomea hapo, haijaligusa shairi. Mizani ni kipimo cha sauti, na sauti haipimwi kwa jicho.

Tuchukue mshororo tuliouunda kwa ajili ya maelezo haya:

Mtu akija nyumbani, mpe kiti na maziwa.

Ukwapi wake ni m-tu-a-ki-ja-nyu-mba-ni. Utao wake ni m-pe-ki-ti-na-ma-zi-wa. Jumla ni mizani 16 kamili. Walakini mwanafunzi anayehesabu kwa macho hupata 14, kwa kuwa jicho hutafuta irabu, na baada ya m ya "mtu" na ya "mpe" hailioni. Basi huutengeneza mshororo hivi:

Mtu anakuja nyumbani, umpe kiti na maziwa.

Katika karatasi yake hesabu sasa imetimia. Lakini mshororo huo ukiimbwa, kila kipande chazidi kwa pigo moja, na mwimbaji hulazimika kukimbia ili aufikie mwisho wa sauti.

Kosa hili latoka wapi? Wengi huilaumu lugha ya mama. Hatukubaliani nao. Kinyarwanda husema "umuntu", na silabi mu husikika waziwazi. Kiswahili nacho kilikuwa na mu mahali hapo. Irabu ilipodondoka, m ilibaki peke yake na kurithi pigo la silabi nzima. Kwa hiyo mtoto asemaye "mutu" amekosea matamshi sanifu, lakini hesabu yake ni sahihi. Mwalimu humsahihisha aseme "mtu", asimweleze kwamba irabu imeondoka na pigo limebaki. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, nalo huzaliwa mikononi mwetu.

Neno "mbuni" latosha kuwa ushahidi. Mbuni aliye ndege ana mizani 2, mbu-ni. Mbuni aliye mtu wa kubuni ana mizani 3, m-bu-ni. Herufi ni zile zile. Sikio peke yake ndilo liwezalo kuamua.

Hata hivyo, hatusemi kwamba sikio la Kinyarwanda halipotoshi kamwe. Katika lugha hiyo urefu wa irabu una uzito wake, ijapokuwa maandishi ya kawaida hayauonyeshi. "Umwana" huandikwa kwa silabi tatu, lakini irabu inayofuata mw huvutwa, hata neno likawa na mapigo manne. Padri Alexis Kagame (1912–1981), mtafiti mkubwa wa fasihi ya Rwanda, aliitazama mizani ya ushairi wa kale, kama vile tungo za kusifu ng'ombe ziitwazo amazina y'inka, kwa kuangalia urefu na ufupi wa irabu. Kiswahili sanifu hakipimi hivyo. "Mwana" ni mizani 2 tu, hata mwimbaji akiivuta irabu yake kwa raha zake. Mwanafunzi akielezwa tofauti hiyo, lugha yake humsaidia kuliko kumzuia: amekwisha kujua tangu utotoni kwamba maneno hupimwa kwa kusikilizwa.

Kuna kosa la pili, nalo ni gumu zaidi kugundua kwa kuwa hesabu yake ni sahihi. Tazama:

Mwaka huu masika imenyesha huku Kigali.

Mizani ni 16. Lakini pigo la nane laangukia i ya "imenyesha", na neno lapasuliwa katikati: "i", kituo, kisha "menyesha". Kwa masharti ya shairi la vipande viwili, mshororo huu umevunjika. Ulinganishe na huu:

Matone yateremka, masika huku Kigali.

Hapa kila kipande chajitosheleza, na pumzi yatua mahali maana inapotua. Penseli huipa mishororo hii miwili alama sawa. Sikio halifanyi hivyo.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alisisitiza kwamba shairi ni la kuimbwa. Wengi wetu tumezichukua sheria zake za hesabu, tukauacha wimbo ambao sheria hizo ziliwekwa kuulinda.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sheria hufungua mlango wa darasa; haiwezi kumfanya mtoto apende shairi. Rai yetu kwa walimu wenzetu ni hii: ubeti usomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa ubaoni, darasa lipige makofi kwa kila mizani, ubeti uimbwe, mwisho ndipo hesabu ifanywe, ili kulithibitisha lile ambalo sikio limekwisha kulisikia. Na mwanafunzi akipata 14 mahali pa 16, tusimkate alama kwanza. Tumwombe aimbe.