Banzi la Mama Lishe

Kabla hajaugusa mkono wa shangazi yangu, yule dada aliuliza, "Mama, unasonga ugali wa watu wangapi?"

Shangazi akacheka. Ni mama lishe, na siku ya soko sufuria yake hulisha watu arobaini na zaidi. Nilikuwa nimekaa pembeni, nimeshika cheti na mfuko wa dawa, nikadhani ni maongezi ya kumtoa mgonjwa woga. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa kimeshachukuliwa.

Shangazi ana baridi yabisi, jina ambalo limewaponza wengi. Kwa miaka miwili alilaumu maji ya baridi na sakafu ya saruji, akavaa soksi mikononi usiku. Kumbe ni kinga ya mwili iliyogeuka, ikaushambulia utando laini wa ndani ya viungo, utando ukavimba na kuanza kula gegedu na mfupa. Vifundo vya vidole vilivimba mikono yote miwili, na asubuhi aliweza kukaa saa nzima kabla hajaweza kufunga kanga. Kinachouzuia ugonjwa huu ni dawa. Daktari alimwanzishia methotreksati, vidonge vya kumeza siku moja tu kwa wiki. Neno "wiki" alilirudia mara tatu, kwa sababu anayevimeza kila siku anaweza kupoteza maisha. Akampa na asidi ya foliki ya kupunguza madhara, na tarehe za kwenda kupima damu na ini. Banzi, kile kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono tulichokuwa tumefuata kwa yule dada, haliponyi, naye alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Kazi yake inaitwa tiba kwa vitendo. Wengi humchanganya na watu wa fiziotherapia, naye ameshachoka kusahihisha. Alilaza mkono wa shangazi juu ya karatasi, akauchora kwa kalamu, akatia nukta penye vifundo vya vidole, penye panda ya kidole gumba, na theluthi mbili ya njia kutoka kifundo cha mkono kwenda kwenye kiwiko. Akakata karatasi, akaijaribisha, akaipunguza. Halafu akaitumia kama ruwaza ya kukatia bamba la plastiki nyeupe, ngumu kama kifuniko cha ndoo.

Bamba likaingia kwenye maji ya moto ya nyuzi kama 70. Likalegea kama chapati mbichi. Akalitoa, akalifuta kwa taulo, akaliweka kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, akasubiri kidogo. Hapo nilimpenda.

Fundi cherehani akikosea hufumua. Huyu alikuwa na dakika tatu au nne kabla plastiki haijakaza. Aliugeuza mkono wa shangazi kiganja juu ili uzito wa bamba lenyewe uliteremshe mahali pake, kisha akalilainisha kwa viganja vyake. Ncha za vidole hakuzitumia kabisa, maana kila kidole huacha shimo, na shimo huja kuwa kidonda. Muda wote huo aliushikilia mkono umeinuka kidogo nyuma, nyuzi 20 au 30 hivi. Jaribu mwenyewe: pinda mkono kuelekea chini, kisha ukunje ngumi. Haina nguvu. Uinue nyuma kidogo, ukunje tena.

Upande wa kidole cha mwisho, juu ya kifundo cha mkono, kuna mfupa uliochomoza. Aliupaka wino, akamvalisha shangazi banzi, akamvua. Wino ulikuwa umehamia ndani ya plastiki. Akapasha doa hilo peke yake, akalisukuma nje kwa kidole gumba.

Lakini ustadi wenyewe niliuona kwenye mkasi. Ukingo wa mbele aliukata mshazari, ukishuka kufuata mikunjo ya kiganja, chini zaidi upande wa kidole cha mwisho. Milimita chache zikizidi, vidole havikunjiki. Zikipungua, kifundo hakishikiki. Banzi la usiku lingefika hadi kwenye vidole na kuvilaza vyote. Hili lilikuwa la jikoni. Akamwambia akunje ngumi. Akakata tena, ukanda mwembamba kama ukucha. Akunje tena.

Kisha akatoa mwiko kabatini, mpini wake umeviringishwa raba ya tairi ya baiskeli ili unenepe. "Ushike kama mchi, mama, kidole gumba juu." Anayeshika mwiko kwa mazoea husukuma vidole vilale upande wa nje, huko huko ugonjwa unakovivuta. Shangazi akajaribu hewani, akasema hivyo ndivyo wanavyosonga watoto. Dada hakubishana. Alimwambia tu kwamba sufuria la watu arobaini linyanyuliwe na watu wawili.

Tulikaa nusu saa banzi likiwa mkononi. Likavuliwa, dada akatazama wekundu, akangoja hadi ukapotea.

Miezi mitatu baadaye tulirudi kwa aibu. Shangazi alikuwa ameliacha karibu na jiko la mkaa, likalegea na kupinda kama ganda la ndizi. Nilitegemea atagombezwa. Dada alilitumbukiza kwenye maji ya moto, likanyooka bapa, kana kwamba halijawahi kuwa mkono wa mtu. Akalilaza upya, akabonyeza, akasita. Akachukua utepe wa kupimia, akauzungushia kifundo, akafungua faili kutazama namba ya zamani.

"Mama, vidonge umemeza vizuri?"

"Kila Jumapili, mwanangu. Nikitoka kanisani."

"Uvimbe umepungua," akasema, akachukua mkasi. Plastiki ilikuwa imezidi pande zote mbili.