Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu au Sinema?

Hadithi ya Mashimo ya Mfalme Sulemani haihitaji kuarifiwa sana. H. Rider Haggard, Mwingereza aliyepata kukaa Afrika ya Kusini, aliitoa mwaka 1885, ikanunuliwa kwa wingi. Na tangu F. Johnson alipoifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929, imesomwa na wengi katika shule za nchi zetu. Wako wasemao kwamba hadithi ya hatari namna hii hufaa zaidi katika sinema kuliko kitabuni. Na tulipime neno hilo.

Kwanza yatupasa kuisifu sinema kwa haki. Ile iliyotolewa na Wamarekani mwaka 1950 ilipigwa katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Makundi ya wanyama wakimbiao, na Watutsi warefu wachezao ngoma yao, ni mambo ambayo kalamu haiwezi kuyaonyesha namna ile. Na mpiga picha wake, Robert Surtees, alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Kwa uzuri wa nchi, sinema imeshinda.

Lakini hadithi hii haikujengwa juu ya uzuri wa nchi. Imejengwa juu ya hofu, na hofu hutoka katika jambo lisiloonekana. Kumbukeni pale bibi kizee Gagool awashushiapo wageni mlango wa jiwe. Wamezungukwa na almasi zisizohesabika, nao taa imewazimikia, wamesaliwa na vijiti vichache vya kiberiti. Msomaji hukaa gizani pamoja nao, hata watambuapo kwamba hewa haichafuki, maana yake pana tundu mahali. Mtengenezaji wa sinema afanye nini hapo? Kamera haioni gizani. Sharti alitie pango nuru, na mara aitiapo, hofu imepungua nusu.

Vivyo hivyo Umbopa. Kitabuni aja kama mtumishi, ila maneno yake yana fahari kupita cheo chake. Twamshuku kidogo kidogo, hata aonyeshapo alama ya nyoka kiunoni, ndipo tunapojua kuwa ni Ignosi, mfalme. Tena katika kitabu chetu asema Kiswahili sawasawa na Quatermain. Hapana aliye mnyonge wa lugha. Katika sinema ya mwaka 1937 mahali pake aliwekwa Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri. Macho yote humwelekea tangu mwanzo, na siri haikai. Na katika ile ya 1950 safari yenyewe iligeuzwa: badala ya Sir Henry kumtafuta ndugu yake, mwanamke amtafuta mumewe, ili mapenzi yapate nafasi.

Iko na milima. Msomaji wa Katesh asomapo habari za milima ile huiumba kwa mfano wa Hanang, auonao asubuhi na jioni, kisha huuongezea theluji. Mlima huo ni wake. Sinema humpa mlima wa mtu mwingine.

Basi hukumu yetu ni hii: sinema itaitosha hadithi hii siku atakapotokea mtengenezaji athubutuye kuliacha pazia jeusi, watazamaji wasione kitu, wasikie tu pumzi za watu watatu. Hata hapo, ndugu wasomaji, sura ya pango na isomwe kwanza nyumbani usiku, kwa sauti, mmoja akisoma na wengi wakisikiliza. Wala taa isiwe kubwa.