Kware na Kware: Asili ya Majina ya Ndege kwa Mifano ya Thika na Ruiru

Majina ya ndege ni sehemu ya msamiati ambayo wanaleksikografia wa Kiswahili wameipitia kwa haraka mno. Mara nyingi kamusi hutosheka na fasili "aina ya ndege", na asili ya jina huachiwa masimulizi. Kasoro ya masimulizi hayo ni kwamba hutegemea mfanano wa sauti peke yake. Lugha ya Thika na Ruiru, ambako Kiswahili na Kikuyu hukutana kila siku sokoni na kazini, yadhihirisha udhaifu wa njia hiyo.

Mfano wa kwanza ni kware. Katika Kiswahili sanifu, kware ni ndege wa porini afananaye na kuku, apendaye kukimbia ardhini kuliko kuruka. Lakini baina ya Ruiru na Thika, hasa pande za Juja na mto Ndarugu ambako mawe ya kujengea huchimbwa, kware pia ni machimbo ya mawe. Mtu angeweza kudai kwamba machimbo yaliitwa hivyo kwa sababu ndege hao walikuwa wengi hapo. Dai hilo lapendeza, lakini si kweli. Neno hili la pili limetoholewa kutoka Kiingereza, quarry. Sarufi yenyewe yatoa ushahidi: husemwa kware huyu ameruka, lakini kware hii imefungwa. Haya ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati, nayo yastahili vidahizo viwili.

Kinyume chake, yako majina yasiyofanana sana masikioni, ilhali ni ndugu. Wakikuyu humwita ndege huyo ngware. Uhusiano huo si wa kubahatisha, kwani kuku ni ngũkũ, na kuni ni ngũ. Pale ambapo Kiswahili kina k mwanzoni mwa nomino za ngeli ya tisa, Kikuyu kina ng. Vivyo hivyo, pungu wa Kiswahili ndiye hũngũ wa Kikuyu, kama kupona kulivyo kũhona. Hata hivyo, maana zimeachana: pungu ni ndege wa jamii ya tai, na hũngũ ni yule ambaye Waswahili humwita mwewe, mwizi wa vifaranga. Sauti zimefuata kanuni, maana imehama.

Haifai, lakini, kulazimisha kila jina liwe na ndugu barani. Bata bukini hukumbusha Bukini, jina la zamani la Madagaska. Hapo ufunguo ni historia ya bahari, wala si ulinganishi wa sauti za Kibantu.

Jambo hili lina uzito darasani. Mwanafunzi wa Ruiru hufundishwa kware na pungu kama maneno ya kigeni ya pwani, ya kukaririwa tu, hali ndugu za maneno hayo zimo katika lugha ya mama yake. Kamusi ingemsaidia iwapo ingeonyesha mambo matatu: ndege hasa anayekusudiwa, jina lake katika lugha jirani, na upatanisho wake wa kisarufi. Fasili ya "aina ya ndege" haionyeshi hata moja.