Mlinda Pumzi

Mwulize mtu aliyempeleka mbwa wake kufungwa kizazi ni nani aliyemhudumia, naye atakutajia daktari. Atausifu mshono, atasema kidonda hakikutunga usaha, atakumbuka hata rangi ya uzi. Hatamtaja mtu wa pili aliyekuwa mle chumbani, aliyekaa upande wa kichwa, ambaye hakushika kisu na ambaye kwa muda wote ule ndiye pekee aliyekuwa akimtazama mbwa. Daktari alikuwa akitazama kizazi.

Kwangu mimi mtu huyo ni mama mmoja wa makamo, katika zahanati ndogo ya wanyama nilikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo nilipokuwa nikisomea mifugo. Mtaani walimwita bibi mifugo, jina wanalopewa wote, awe wa chanjo, wa josho au wa nusu kaputi. Mashine ya usingizi haikuwapo. Palikuwa na ketamini, zailazini, stetoskopu iliyozungushiwa plasta, na saa ya ukutani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuihamisha, kwa sababu mshale wake wa sekunde ulihesabiwa kuwa kifaa cha kazi.

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikaa ndani ya paja la mnyama, pale mshipa mkubwa unapopita karibu na ngozi. Havikutoka. Aliitikia shikamoo za wanafunzi, alimkemea aliyeacha mlango wazi, alijibizana na mwuza samaki dirishani, na vidole vilikuwa pale pale. Mkono wa kulia ndio uliozunguka. Ulifunua mdomo na kubonyeza ufizi, ukasubiri damu irudi. Ulivuta ulimi mbele usije ukaziba koo. Ulipaka mafuta machoni, maana ketamini humlaza mnyama macho wazi, na jicho likikauka huota kidonda. Ulishika masikio na nyayo kupima ubaridi. Kwa paka wadogo aliweka chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vipande vya khanga kuukuu, na zilipopoa alizibadilisha mara moja, kwani chupa iliyopoa huanza kumnyang'anya mnyama joto lile lile ililompa.

Lakini nikiikumbuka kazi yake, ninachokikumbuka zaidi ni pumzi. Ketamini ina tabia yake. Mnyama huvuta hewa akaishikilia, kifua kikabaki kimeinuka, sekunde zinapita, kisha huitoa kwa mkupuo na kuvuta nyingine papo hapo. Asiyezoea anaona kifua kimesimama, na moyo unaoanza kwenda mbio ni wa kwake mwenyewe. Siku moja daktari kijana aliinua kichwa, glavu zimelowa damu, akauliza kama mbwa bado yuko. Bibi mifugo hakusogea. "Huyo ameishika," alisema, "hajaikosa." Kifua kikashuka.

Kwa mtu anayetupa jicho mara moja na kuendelea na mambo yake, pumzi iliyoshikwa na pumzi iliyokatika hazitofautiani. Zote ni kimya. Ila ya kwanza hukwama juu, mbavu zimetanuka na hewa iko ndani. Ya pili hukwama chini, mbavu zimelala na haziinuki tena. Yeye hakuhitaji hata kutazama. Aliijua kwa mgongo wa mkono alioulaza kwenye mbavu. Vivyo hivyo rangi: zailazini hupunguza mwendo wa moyo na kubana mishipa ya damu, kwa hiyo ufizi uliopauka kidogo haukumbabaisha. Alichokiogopa ni ufizi unaoelekea buluu. Nilipomwuliza amejifunzia wapi haya yote, alinijibu, "Kwa waliokufa, mwanangu," akaendelea kuhesabu.

Punda walikuwa mtihani mwingine. Mwili wa punda huimaliza ketamini haraka kuliko wa farasi, na aliyefundishwa kwa vitabu vya farasi hujikuta na punda anayeamka kisu kikiwa bado kazini. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, lakini sijui nani angetoa shukrani nyingine akizindukia mahali kama hapo. Lamu, ambako mizigo ingali ikipita vichochoroni mgongoni mwa punda na ambako kliniki yao imekuwapo tangu 1987, huwezi kudumu katika kazi hii bila kulijua hilo. Zaidi ya hayo, punda huficha maumivu. Hulala kimya akiwa ameumia, na hula majani akiwa ameumia. Bibi mifugo alilisoma jicho: likianza kucheza haraka upande kwa upande, usingizi umekuwa mwepesi, na dozi ya nyongeza lazima iwe tayari kwenye bomba la sindano. Hakupandisha sauti. "Linacheza, daktari," basi, na kila mtu alijua cha kufanya.

Nimewaona ndugu zake wa kazi hata mbugani. Tembo akishapigwa mshale wa dawa akaanguka, watu hupiga picha na daktari hukimbilia kidonda cha mtego. Wakati huo kuna askari mmoja amepiga magoti kwenye ncha ya mkonga. Tembo hupumua kwa mkonga, na ncha ile ikijikunja hewa haipiti, kwa hiyo huwekwa kijiti kidogo kuishikilia wazi. Askari anakaa hapo, kiganja mbele ya tundu, akihesabu joto la kila pumzi inayotoka. Mwingine amelifunika jicho kwa sikio la tembo mwenyewe kulikinga na jua, na wa tatu anamwagia maji. Mnyama akiwa ameangukia kifua husukumwa upesi alale ubavu, maana uzito wake mwenyewe utamkaba. Ukiziona picha magazetini, yule mwenye kijiti kwa kawaida amekatwa nje ya fremu.

Historia nayo imewatendea hivyo hivyo. Tunaambiwa mwaka 1846 Morton alimlaza mgonjwa kwa etha kule Boston, na dunia ikabadilika. Kwa wanyama ilibadilika kwa kuburuta miguu. Uingereza, yenye sifa ya kupenda mbwa kuliko watu, ilingoja hadi 1919 kutunga sheria ya kulazimisha dawa ya usingizi katika baadhi ya operesheni za wanyama. Hadithi ninayoipenda mimi ni ya Arthur Guedel, Mmarekani ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920 alitaka kuthibitisha kwamba mrija wenye puto dogo ukiingizwa kooni huziba njia kabisa, tone lisipite. Alimlaza mbwa, akamtia mrija, akamzamisha majini mbele ya madaktari wenzake. Baadaye mbwa akatolewa, akaamka, akajikung'uta maji. Mrija huo leo uko kila hospitali, ya watu na ya wanyama. Jina la mbwa, ambalo maana yake ni njia ya hewa, linajulikana: Airway. Aliyekaa pembeni na kuiangalia mashine wakati mbwa yuko chini ya maji, simjui.

Sina ugomvi na vifaa. Kibanio cha kupima oksijeni kwenye ulimi huona upungufu kabla ufizi haujageuka buluu, na hakuna kidole kinachoweza hilo. Ninachokilalamikia ni shingo za vijana zilizogeukia kioo. Kibanio kikikaa muda mrefu huuminya ulimi, ulimi hukauka, namba huanza kushuka bila sababu; kijana hukirekebisha kibanio, namba zikapanda, akaridhika. Siku namba zitakaposhuka kwa sababu ya kweli atafanya hivyo hivyo. Hajamgusa mnyama.

Na haraka! Uzi wa mwisho ukikatwa, watu wanavua glavu kana kwamba safari imekwisha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia mbwa na paka zaidi ya laki moja na nusu kati ya 2002 na 2004 ulikuta kwamba waliokufa kwa ajili ya usingizi walikuwa wachache, kiasi cha mbwa 1 katika 600 na paka 1 katika 400, lakini karibu nusu ya mbwa hao na zaidi ya nusu ya paka walikufa baada ya operesheni kumalizika, wengi ndani ya saa tatu za mwanzo. Yaani katika saa ambazo chumba kinafagiliwa, bili inaandikwa, na mwenye mbwa anapiga honi nje. Bibi mifugo hakuwa amesoma utafiti ule. Alikaa tu sakafuni, mgongo ukutani, kichwa cha mnyama kwenye paja lake, mpaka mnyama ainue shingo mwenyewe na kuishikilia. Mwenye haraka aliambiwa aende sokoni kwanza.

Alipostaafu, nafasi yake haikujazwa. Bili ya zahanati ina mstari wa dawa, wa daktari, wa uzi na wa bandeji. Wa kulinda pumzi haukuwahi kuwapo, kwa hiyo mhasibu hakuona kilichopungua. Siku hizi kazi ile hupewa yeyote aliye karibu: mfagizi, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo, wakati mwingine mwenye mnyama mwenyewe, ambaye huambiwa amshike mguu na apige kelele akiona anatikisika. Hakuna anayemwambia apige kelele akiona ametulia mno.