Kijazio cha Bawa la Nyuzi za Kioo: Namna Kinavyochaguliwa na Kupimwa

Long-EZ, ndege ya kujengwa nyumbani iliyobuniwa na Burt Rutan huko Mojave, California, na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, huundwa bila kalibu: povu gumu hukatwa kwa waya wa moto hadi lipate umbo la bawa, kisha hufunikwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili ambazo huganda zikichanganywa. Kwa kuwa hakuna kalibu ya kuunyoosha upande wa nje, ufumaji wa kitambaa hubaki ukionekana na maungio huacha mabonde, ambayo sharti yajazwe.

Pati ya magari, inayojulikana kwa kila fundi wa bodi, hushawishi kwa sababu huganda upesi. Hata hivyo, hiyo ni poliesta iliyochanganywa na unga wa talki; husinyaa inapoganda, na juu ya epoksi isiyokomaa inaweza kubaki mbichi, kwa kuwa mabaki ya kigumishi cha epoksi huizuia kuganda. Kasoro kubwa zaidi ni uzito. Vipovu vya kioo vinavyochanganywa na epoksi badala ya pati, yaani vitufe vidogo mno vilivyo wazi ndani, vina takriban gramu 0.15 kwa kila sentimita ya ujazo katika aina zilizo nyepesi. Vikichukua asilimia 60 ya ujazo na epoksi ikachukua sehemu iliyosalia, mchanganyiko huwa na gramu 0.55 hivi, ilhali pati hukaribia 1.8. Tabaka la milimita moja juu ya mita 10 za mraba lingekuwa na kilo 5.5 kwa vipovu na kilo 18 kwa pati, tofauti ambayo rubani angeibeba katika kila safari.

Majaribio hufanywa kwenye kipande cha pembeni kilichotengenezwa kwa kitambaa na epoksi ileile, wala si kwenye bawa. Uso huoshwa kwanza kwa maji, kwa sababu epoksi iliyoganda penye unyevunyevu huweza kutoa utando mfano wa nta unaoharibu mshiko, kisha hukwaruzwa kwa msasa. Kijazio kikavu vya kutosha, yaani chenye vipovu vingi, kikipakwa husimama wimawima bila kuteremka. Kipande kikishapashwa joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho uso wenye rangi nyeusi huweza kukifikia juani, hutazamwa kwa mwanga wa ubavuni ili kuonekana kama kijazio kimenywea. Mwishowe kijazio hubanduliwa kwa patasi: kikipasukia ndani yake chenyewe, kimeshika, kikitoka kizima na kuacha kioo kitupu, kosa limo katika maandalizi.

Ulaini wa kijazio chini ya msasa ni sifa, si udhaifu, kwani mzigo hubebwa na nyuzi, na msasa ukishazifikia umekwisha kupunguza nguvu za bawa. Sehemu za usukani zilizo nyuma ya bawa huhitaji tahadhari ya pekee: kijazio kidogo tu nyuma ya bawaba huondoa mizania yao na kuweza kuleta mpapatiko unaovunja muundo, kwa hiyo hupimwa mizania upya baada ya rangi kukauka.